Verghese Kurien na Maziwa ya Kilosa

Miongoni mwa waasisi wa maendeleo ya vijijini wa karne ya 20, Verghese Kurien, mhandisi wa Kihindi aliyezaliwa Kozhikode mwaka 1921 na kufariki mwaka 2012, ana nafasi ya pekee kwa kuujenga ushirika wa maziwa, yaani mfumo ambamo wafugaji wadogo humiliki kwa pamoja kituo cha kukusanyia maziwa, kiwanda cha kuyasindika na hata jina linalobandikwa kwenye pakiti dukani. Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, Tanzania, yenye mifugo mingi katika vijiji vya wafugaji wa Kiparakuyo kama Twatwatwa na Mabwegere, na yenye mji wa Mikumi unaopitiwa na barabara kuu ya kwenda Iringa, Mbeya na Zambia, ni mahali ambapo kazi yake inastahili kusomwa kwa makini.

Kurien alipofika Anand, katika jimbo la leo la Gujarat, mwezi Mei 1949, alikuta wafugaji wamekwisha kujipanga. Chama kikuu cha wilaya ya Kaira, ulimokuwa mji huo, kilikuwa kimeundwa Desemba 1946 chini ya Tribhuvandas Patel, baada ya wanavijiji kugoma kuiuzia maziwa kampuni ya Polson, iliyokuwa na haki ya peke yake ya kuyanunua kwa ajili ya soko la Bombay na kujipangia bei. Haki inadai Patel atajwe kwanza, kwa kuwa ndiye aliyeaminiwa na wakulima. Kurien alileta ufundi na uongozi wa biashara, na mwenzake H. M. Dalaya akafanikiwa kutengeneza unga wa maziwa ya nyati wa kufugwa, jambo ambalo wataalamu wa Ulaya walikuwa wameliona haliwezekani. Kiwanda cha unga huo kilifunguliwa mwaka 1955. Kila asubuhi na jioni mfugaji alipeleka maziwa kwenye chama cha kijiji, yakapimwa ujazo na kiasi cha mafuta yaliyomo, naye akalipwa kwa kipimo hicho, hivyo aliyeongeza maji alijipunja mwenyewe. Mwaka 1970, kupitia bodi ya taifa iliyoundwa mwaka 1965, India ilianza kuueneza mfumo huo kwa fedha zilizotokana na kuuza unga wa maziwa na siagi ya msaada kutoka Ulaya; kufikia mwaka 1998 ilikuwa imeipita Marekani kwa wingi wa maziwa.

Kilosa ina tabia yake. Ng'ombe wa kienyeji hutoa lita chache tu kwa siku baada ya ndama kupata sehemu yake, na katika kaya za Waparakuyo na Wamasai maziwa hayo huwa mikononi mwa mwanamke, ambaye ndiye mkamuaji, mgawaji na muuzaji. Maziwa ya asubuhi huweza kufika sokoni mapema, lakini ya jioni hulala nyumbani, na kwa joto la mabonde ya Mkata na Wami huchacha kabla ya mnunuzi kufika, hivyo yasiyogeuzwa mtindi hupotea. Masika malisho huwa tele, maziwa hujaa na bei hushuka. Kiangazi mifugo huhamishwa mbali kufuata maji na majani, na mteja aliyezoea maziwa hayo huyakosa. Kwa hiyo tangi la kupoza, yaani chombo kinachoshusha joto la maziwa hadi nyuzi 4 za sentigredi, hapa lina thamani kubwa kuliko mtamba wa kisasa, kwa sababu huokoa maziwa yaliyokwisha kukamuliwa.

Katika muongo wa 2010, Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI), ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wadau wengine, iliichagua Kilosa, pamoja na Mvomero, Lushoto na Handeni, kujaribu kuwaunganisha wafugaji na soko kupitia vikundi vyao. Fikra ilikuwa sahihi, ila mradi una mwisho wake, ilhali chama huhitaji kuishi. Tanga, ambako wafugaji wana chama chao kikuu tangu mwaka 1993 na hisa katika kiwanda cha maziwa, inaonyesha kwamba jambo hili linawezekana nchini. Hata hivyo, wazee wengi hawajasahau kwamba mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, vikaruhusiwa tena kwa sheria ya mwaka 1982. Imani iliyovunjwa namna hiyo hairudishwi kwa semina.

Uko pia mgogoro wa ardhi. Desemba 2000, katika mapigano ya wakulima na wafugaji huko Rudewa Mbuyuni, wilayani Kilosa, watu 38 waliuawa. Ushirika wa maziwa hauwezi kuchukua nafasi ya mipaka ya vijiji inayoheshimiwa, lakini mkulima anayeuza mabua na pumba kwa jirani mfugaji, na mfugaji anayelipwa kila wiki bila kulazimika kuongeza ng'ombe, huwa na sababu ya kuketi meza moja. Halmashauri ya Wilaya ya Kilosa na Bodi ya Maziwa ya Tanzania waanzie Mikumi, penye umeme, barabara na wanunuzi: waweke tangi moja, wapime maziwa mbele ya muuzaji, na waandike uanachama kwa jina la mwanamke anayekamua.