Kipindi cha Mtumiaji katika Programu Ndogo ya Seva

Mji wa Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi uliotengwa na Rukwa mwaka 2012, ndio mwisho wa tawi la reli litokalo Kaliua. Apelekaye mzigo kwa reli hupewa stakabadhi yenye namba. Na siku ya kuuchukua, karani hana haja ya kuikumbuka sura ya mtu, bali huitazama namba na kuilinganisha na daftari. Mwenye kulielewa jambo hilo amekwisha kuelewa nusu ya yaelezwayo hapa.

Seva ni programu ingojayo maombi na kuyajibu. Kanuni ya mawasiliano itumikayo, iitwayo HTTP, haina kumbukumbu: kila ombi hufika kama mgeni asiyepata kuonekana. Chukua mfano wa chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku chenye programu ndogo ya kuandikia uzito wa tumbaku ya kila mkulima. Karani huandika jina lake na neno la siri; lakini afunguapo ukurasa wa pili, seva haijui kuwa ni yeye yule. Kumtaka neno la siri kila mara ni udhia. Kumwamini kwa jina analolitaja tu ni hatari, maana yeyote aweza kulitaja jina la mwenziwe, akapunguza uzito na kumdhulumu mkulima jasho lake.

Dawa ilipatikana mwaka 1994, pale Lou Montulli wa kampuni ya Netscape alipobuni kuki, yaani kipande kidogo cha maandishi ambacho seva hukipa kivinjari, nacho kivinjari hukirudisha pamoja na kila ombi. Basi kazi huenda hivi. Kwanza, neno la siri likisha kuthibitishwa, seva hutunga namba mpya. Pili, huiandika katika daftari lake, pamoja na jina la karani na saa ya mwisho. Tatu, huituma namba hiyo peke yake ndani ya kuki. Nne, kila ombi lijapo, huitafuta namba daftarini: ikiwamo na saa haijapita, karani hupokewa, isipokuwamo, hurudishwa mlangoni.

Hapa mfano wa stesheni wafikia kikomo. Namba za stakabadhi hufuatana, na mwenye 41 ajua kuwa iko 42. Namba ya seva haifai kubahatishwa hata kidogo. Kwa hiyo hutungwa kwa nasibu, na yenye biti 128 ina uwezekano ambao idadi yake huandikwa kwa tarakimu 39. Tena kuki hapana budi ipitishwe katika njia iliyofumbwa tu, na ifichwe isisomwe na programu ndogo zilizomo katika ukurasa. Daftari nalo lisikae katika kumbukumbu ya muda peke yake, kwani umeme ukikatika watu wote hutolewa nje.

Lipo pia swali la jina. Wengine huita jambo hili kikao. Neno hilo latokana na kukaa, na katika matumizi ya kawaida lahusu watu wengi waliokutana; hapa yupo mtu mmoja na mashine. Kipindi lafaa zaidi, kwa kuwa lina mwanzo na mwisho ndani yake, na mwisho ndio usahauliwao na watungaji wa programu. Ofisini ambako kompyuta moja hutumiwa na makarani watatu, kipindi kisichofungwa ni daftari lililoachwa wazi mezani. Atokaye na abonyeze kitufe cha kutoka, na seva iifute namba katika daftari lake yenyewe, si katika kivinjari tu.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yamtaka atunzaye taarifa za watu azilinde. Kwa programu ndogo ya namna hii, ulinzi huo waanzia katika namba isiyobahatishika na saa ya mwisho isiyosahauliwa.