Farasi wa madoadoa: kwa nini wengine hawaoni usiku

Huku kwetu Kivu na Ituri, wengi tunamuona farasi kwenye filme tu. Lakini ugonjwa wa macho wa kurithi ni jambo linalomgusa kila mfugaji, hata mwenye mbuzi wawili, na farasi mmoja wa Marekani anauelezea vizuri.

Anaitwa Appaloosa. Ngozi yake ina madoadoa sawa ya chui. Ni farasi wa kabila la Nez Perce, na leo watu wanatoa makuta mengi juu ya yale madoa.

Shida iko hapo hapo kwenye madoa. Kuna jeni inayoitwa TRPM1. Kwenye ngozi inahusika na rangi. Ndani ya jicho inasaidia kupitisha habari ya mwangaza mdogo. Mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba kwa farasi hawa kipande kigeni kimejiingiza ndani ya jeni hiyo na kuiharibu. Mtoto akiipata kwa mzazi mmoja tu, anaweza kuwa na madoa na usiku anaona. Akiipata kwa baba na kwa mama, anazaliwa haoni gizani, na dawa hakuna. Mchana anaona. Ukimtazama macho, yanaonekana mazima. Munganga wa wanyama anapima umeme wa jicho ndipo anajua.

Sasa, hesabu yenyewe. Wazazi wawili wenye jeni moja moja wakipandishwa, kwa wastani mtoto mmoja kwa wanne atakuwa kipofu wa usiku. Dume mwenye jeni mbili wafugaji wanampenda, juu kila mtoto wake anairithi. Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe mara nyingi ana madoa machache, karibu mweupe, na giza likiingia anagonga uzio. Je, wamuache? Hapana lazima. Akipandishwa kwa jike asiye na jeni hiyo, watoto wote wataona usiku. Kipimo kinafanywa kwa nywele za shingo au mkia tu, mbele ya kupandisha. Mwenye kukataa kupima, kwa maoni yetu, anapenda rangi kuliko mnyama.

Wazazi, hapa tuelewane: mutoto wenu akianza kujikwaa jioni, msiseme ni ya ukoo. Kwa watu pia kuna upofu wa usiku wa kurithi, lakini mara nyingi mutoto anakosa vitamini A. Ile inatibika, ila ikiachwa inaweza kuua jicho kabisa. Mpelekeni kituo cha afya mapema. Nyumbani, sombe, papai, maini na mafuta ya mawese mekundu vinasaidia.

Farasi yeye hata akila nini habadiliki. Wenye kumfuga wanamuingiza ndani mbele jua halijazama, wanamuachia taa, na hawampandi usiku.