Yatima Mwenye Mama: Kweli na Uongo Kuhusu Kujitolea Vituoni

Mgeni anayekuja Moshi au Arusha kupanda Kilimanjaro na kuona wanyama Serengeti anaweza kuongeza jambo jingine kwenye safari yake: wiki mbili za kujitolea katika kituo cha watoto yatima. Hulipia nafasi hiyo, na aghalabu hulipa kwa moyo mweupe. Lakini mengi anayoyaamini kabla ya kupanda ndege, na ambayo hata sisi wenyeji huyarudia, hayasimami yakichunguzwa.

"Watoto wa vituoni hawana wazazi."
SI KWELI. Mwaka 2009 shirika la Save the Children lilikadiria kwamba watoto wanne kati ya kila watano wanaolelewa vituoni duniani wana angalau mzazi mmoja aliye hai. Wengi hupelekwa huko na umaskini, ugonjwa, ulemavu au kukosa mahitaji ya shule. Mama akiambiwa mwanawe atakula mara tatu kwa siku, atavaa sare safi na kusoma, humkabidhi akiamini amemfungulia njia.

"Vituo vikiongezeka, ni kwa sababu yatima wameongezeka."
SI KWELI. Kambodia iliona vituo vyake vikiongezeka kwa asilimia 75 kati ya 2005 na 2010, na takriban robo tatu ya watoto waliokuwamo walikuwa na mzazi. Nepal nako vituo vimerundikana Kathmandu na wilaya nyingine zinazopendwa na watalii. Fedha ikifuata idadi ya watoto, hutokea dalali wa kwenda vijijini kuwatafuta. Ndiyo maana Australia, ilipotunga sheria dhidi ya utumwa wa kisasa mwaka 2018, ilitambua kuwa kuwasafirisha watoto kwenda vituoni kwa ajili ya faida ni sura mojawapo ya utumwa huo.

"Mapenzi ya wiki mbili hayamdhuru mtoto."
SI KWELI. Mtoto anayemkimbilia mgeni asiyemjua na kumng'ang'ania shingoni huonekana mchangamfu. Wataalamu wa makuzi huona hapo dalili ya mtoto aliyekosa mtu mmoja wa kudumu wa kumwegemea. Kila mgeni anayempakata kisha akaondoka humwongezea kuachwa kwingine. Utafiti ulioanza Bucharest, Romania, mwaka 2000 ulifuatilia watoto 136 waliokuwa vituoni, nusu yao wakapelekwa kwenye familia za kuwalea. Waliopata familia walikua vizuri zaidi kiakili na kihisia, hasa waliotolewa kituoni kabla ya kutimiza miaka miwili.

"Aliyejigharamia nauli hawezi kuwa na nia mbaya."
SI KWELI. Mwaka 2016 mahakama ya Marekani ilimhukumu kijana wa Oklahoma kifungo cha miaka 40 kwa kuwadhulumu kingono watoto wa kituo kimoja cha Nairobi alikokuwa akijitolea. Wengi hawana nia hiyo, lakini mlango unaofunguliwa kwa yeyote aliyelipa humfungulia hata mwenye nia mbaya. Huko kwao, wengi wa wageni hawa wasingeruhusiwa kukaa na watoto wadogo bila rekodi zao za polisi kukaguliwa kwanza.

"Hili ni tatizo la Wazungu."
SI KWELI. Ofisi zetu hupeleka unga, sukari na sabuni wakati wa Krismasi na Ramadhani, watoto wakapangwa mstari, wakaimba, wakapigwa picha. Wengine husherehekea huko siku zao za kuzaliwa. Ni nani kati yetu angekubali wageni waingie kila Jumamosi chumbani kwa mwanawe, wampige picha na kuzisambaza kwenye simu?

"Vituo vikifungwa, watoto watalala barabarani."
SI KWELI, mradi visifungwe kwa pupa. Mwaka 2012 Rwanda ilikuwa na watoto zaidi ya 3,000 vituoni. Badala ya kuwatoa tu, iliandaa wataalamu wa ustawi wa jamii, ikatafuta ndugu zao, na kwa waliokosa ndugu ikateua familia za kuwalea, ziitwazo Malayika Murinzi. Wengi wakarudi kuishi katika familia. Kenya ilisimamisha usajili wa vituo vipya mwaka 2017, na mwaka 2022 ikazindua mkakati wa miaka kumi wa kuhamishia malezi kwenye familia. Wapo watoto wanaohitaji hifadhi ya dharura, kama kichanga aliyetupwa au mtoto anayekimbia ukatili. Hao wanahitaji hifadhi ya muda wakati familia inatafutwa.

"Mgeni hana lolote la maana la kufanya."
SI KWELI. Mtaalamu wa viungo anaweza kumfundisha mhudumu wa zahanati kumsaidia mtoto mwenye ulemavu, na mhasibu anaweza kunyoosha vitabu vya shirika linalorudisha watoto makwao. Kazi hizo zinahitaji ujuzi, na ujuzi hubaki mikononi mwa wenyeji baada ya mgeni kuondoka.

Kwa asiye na ujuzi huo, mgeni au mwenyeji, pa kuanzia ni kwa afisa ustawi wa jamii wa eneo husika. Muulize ni familia gani inakaribia kumpeleka mtoto kituoni kwa sababu ya sare, dawa au chakula, kisha gharamia hicho kinachokosekana, mtoto abaki kwao.