Vinara wa Asali ya Vietnam: Nyuki, Misitu na Ushuru Mzito

Mwaka 2020 Vietnam iliiuzia Marekani karibu tani 50,000 za asali, ikasimama safu moja na India na Argentina, nchi zenye majina makubwa katika biashara hiyo. Haikufika hapo kwa kubahatisha. Ndani ya miongo michache wafugaji wake walipokea nyuki mgeni, wakajifunza kuhamisha mizinga yao kwa malori kuifuata misimu ya maua na majani, na wakageuza mashamba ya mpira na kahawa kuwa malisho ya nyuki.

Lakini tani si kipimo pekee cha ukubwa. Orodha hii inawataja vinara wa kila namna: nyuki mkubwa kuliko wote, mdogo kuliko wote, mwerevu kuliko wote, ufugaji usio na mfano na pigo zito kuliko yote. Nimeipanga ili msomaji aone jambo moja: nguvu ya Vietnam katika asali haiko pale ambapo takwimu za biashara huionesha.

Utajiri mkubwa wa spishi

Bara zima la Afrika, kuanzia Cairo hadi Cape Town, lina spishi moja tu ya asili ya nyuki wa asali, Apis mellifera. Vietnam peke yake ina spishi tano za asili: nyuki wa miamba wa milimani, nyuki mkubwa wa msituni, nyuki wa kienyeji wa mizingani na nyuki vibete wa aina mbili. Mgeni aliyeletwa na binadamu ndiye wa sita. Juu ya hao wapo nyuki wasiouma, ambao asali yao ni kidogo. Ukikumbuka kuwa spishi zote za nyuki wa asali duniani ni karibu kumi tu, utaona uzito wa jambo hili.

Mkubwa kuliko wote

Taji la ukubwa ni la Apis laboriosa, nyuki wa miamba ya Himalaya. Kibarua wake hufikia sentimita 3, na hakuna nyuki wa asali anayemzidi. Kwa muda mrefu alitajwa kama nyuki wa Nepal, Bhutan na kaskazini mwa India. Mwaka 1996 watafiti walichapisha taarifa ya kwanza kuwa yupo pia milimani kaskazini mwa Vietnam. Hujenga sega moja kubwa chini ya jabali na hafugiki mzingani. Asali yake hurinwa kwa kamba na ujasiri, na anayemrina bila kumwachia majana huharibu kundi zima.

Mdogo kuliko wote

Upande wa pili yupo Apis andreniformis, nyuki kibete mweusi, ambaye hafiki hata milimita 10. Sega lake ni moja, dogo, limezungushwa kwenye kijiti kichakani. Asali yake haijazi hata chupa ya maana, kwa hiyo hakuna anayemfuga kwa biashara. Thamani yake ni uchavushaji: huingia katika maua madogo ambayo nyuki wakubwa huyapita. Nchi inayohesabu nyuki kwa kilo za asali tu humsahau, na hilo ni kosa.

Mwerevu kuliko wote

Huyu ni Apis cerana, nyuki wa kienyeji wa Asia, anayefugwa kwenye magogo na masanduku vijijini. Adui yake mkubwa ni mavu jitu, Vespa soror, anayevamia kwa makundi, kuua vibarua, kisha kuteka mzinga na kubeba majana.

Wafugaji wa Vietnam walikuwa wameona madoa meusi kuzunguka milango ya mizinga yao, na wakamweleza mtafiti Gard Otis kuwa ni kinyesi cha wanyama kilicholetwa na nyuki wenyewe. Otis na wenzake, wakiongozwa na Heather Mattila, walilichunguza jambo hilo shambani, na Desemba 2020 wakachapisha matokeo katika jarida la PLOS ONE. Nyuki hawa huruka nje, huokota kinyesi kwa midomo yao na kukipaka mlangoni. Mavu wakikuta mlango uliopakwa vizuri hawakai kuutafuna ili kuupanua, na mara nyingi uvamizi hauendelei.

Hii ndiyo mara ya kwanza kwa sayansi kuthibitisha kuwa nyuki wa asali hutumia zana. Heshima yake naigawa mara mbili: nusu kwa nyuki, na nusu kwa wafugaji wa vijijini walioona, wakaelewa na wakasema kabla ya maabara yoyote.

Mzalishaji mkuu

Apis cerana ana akili, ila hana mavuno makubwa. Kundi lake ni dogo, na likibughudhiwa au likikosa chakula huhama na kumwachia mfugaji mzinga mtupu. Ndiyo maana katika miaka ya 1960 nyuki wa Kiitaliano, aina ya Apis mellifera, aliingizwa kusini mwa Vietnam. Huyu ni ndugu wa spishi moja na nyuki wetu wa Afrika Mashariki, lakini ni mpole zaidi. Hutulia kwenye sanduku, huvumilia safari ya lori, na kundi moja lililotunzwa vizuri hutoa mara kadhaa ya kile anachotoa mwenyeji. Asali inayojaza mapipa ya kwenda ng'ambo ni jasho lake.

Asali nyingi zaidi isiyotoka kwenye ua

Hapa wengi hushangaa. Sehemu kubwa ya asali ya biashara ya Vietnam haitoki kwenye maua. Mti wa mpira hupukutisha majani wakati wa kiangazi, na machipukizi mapya yanapotoka hudondosha mbochi kwenye vikonyo vyake. Nyuki huukusanya kama wanavyokusanya wa maua. Akasia zenye asili ya Australia, zilizopandwa kwa ajili ya mbao na karatasi, hutoa mbochi kwenye kitako cha jani.

Faida yake ni kubwa. Ua hudumu siku chache, lakini jani linaloendelea kuchipua huwalisha nyuki kwa muda mrefu. Hasara yake iko sokoni. Asali ya namna hii haina jina la ua la kuisifia, na wanunuzi huichukua kwa wingi kwa ajili ya viwanda vya mikate, biskuti na vinywaji. Kwa hiyo Vietnam ikawa kinara wa wingi huku bei yake ikiwa miongoni mwa bei za chini kabisa kati ya wauzaji wakubwa.

Safari ndefu kuliko zote

Nchi hii ina urefu wa zaidi ya kilometa 1,600 kutoka kaskazini hadi kusini, na misimu yake haiji kwa pamoja. Mfugaji wa kibiashara huishi kwa kuifuata. Katika kiangazi huwa kwenye nyanda za juu za Tây Nguyên, hasa Đắk Lắk, ambako mashamba ya kahawa hunyweshwa maji na kulipuka kwa maua meupe kwa siku chache tu. Halafu huja mpira. Wengine hupakia mizinga usiku, nyuki wote wakiwa wamerudi, na kuelekea kaskazini kwenye lichi za Lục Ngạn na longani za Hưng Yên.

Kuhusu kahawa liko jambo ambalo wakulima wa Kagera na Uganda wanapaswa kulishika. Vietnam ndiyo mzalishaji mkubwa kuliko wote wa robusta duniani, na robusta haiwezi kujichavusha yenyewe. Inahitaji chavua ya mti mwingine, iletwe na upepo au mdudu. Mwenye mizinga hapaswi kuomba kibali cha kuweka nyuki kwenye shamba la robusta kana kwamba anaomba hisani. Anampelekea mkulima mavuno.

Ufugaji usio na mfano

Kusini kabisa, katika misitu ya miti iitwayo tràm iliyosimama kwenye maji na mboji ya U Minh, anaishi Apis dorsata, nyuki mkubwa wa msituni. Huning'iniza sega moja wazi chini ya tawi na hukataa sanduku la kila aina. Katika sehemu nyingi za Asia watu humpandia mtini usiku na kumpora. Watu wa U Minh walichagua njia nyingine: wakamtengenezea tawi.

Kazi hiyo huitwa gác kèo. Mrina asali huchukua gogo la urefu wa mita 2 hivi, hulipasua na kulisawazisha, kisha hulilaza juu ya nguzo mbili, moja ndefu na nyingine fupi, ili liiname. Hufyeka uwazi mbele yake ili mwanga uingie na nyuki wapate njia ya kurukia. Akichagua mahali vizuri, kundi linalohama huja na kujenga hapo.

Siri iko kwenye ule mwinamo. Nyuki huyu huweka asali kwenye ncha ya juu ya sega na majana upande wa chini. Mrina huja na moshi, hukata kichwa cha asali peke yake na kuyaacha majana salama. Kundi halihami. Hujaza tena, na baada ya wiki kadhaa mrina hurudi. Kundi moja humpa mavuno zaidi ya mara moja kwa msimu, bila kuua.

Ufundi huu una zaidi ya karne moja, na mwaka 2019 ule wa mkoa wa Cà Mau, wenye sehemu ya misitu hiyo, ulitambuliwa kuwa urithi wa utamaduni wa taifa. Una faida nyingine pia. Mwaka 2002 moto uliteketeza maelfu ya hekta za misitu ya U Minh, na mboji ikaendelea kuungua chini kwa chini. Mtu ambaye riziki yake imening'inia kwenye miti hiyo ni mlinzi wa msitu asiyehitaji kulazimishwa. Sisi wa Afrika Mashariki tumezoea kumpa nyuki nyumba, iwe gogo lililotobolewa au sanduku. Hawa wanatufundisha kumuuliza nyuki anataka nini kwanza.

Adui mdogo kuliko wote

Utitiri uitwao Tropilaelaps una urefu wa takriban milimita 1, lakini umeangusha mizinga mingi kuliko mavu yeyote. Mwenyeji wake wa asili ni Apis dorsata, anayejilinda kwa kuhama: anapoacha sega hakuna majana, na utitiri huu hauwezi kuishi zaidi ya siku chache bila majana ya kula. Nyuki wa Kiitaliano hana kinga hiyo. Katika joto la tropiki malkia wake hutaga karibu mwaka mzima, na utitiri hula bila kukoma.

Mfugaji hodari hushinda kwa akili kabla ya dawa. Humfungia malkia kwa muda ili majana yakatike, na utitiri hufa kwa njaa. Anayekimbilia dawa ovyo huacha mabaki kwenye asali, na pipa moja likigundulika bandarini huchafua jina la nchi nzima.

Pigo zito kuliko yote

Marekani ilikuwa ikinunua zaidi ya asilimia 90 ya asali iliyouzwa nje na Vietnam. Aprili 2021 wazalishaji wa Marekani walilalamika kuwa asali ya nchi tano, Vietnam ikiwemo, inauzwa kwa bei ya kutupa. Novemba mwaka huo serikali ya Marekani ilitangaza ushuru wa awali dhidi ya Vietnam: kati ya asilimia 410.93 na 413.99. Hakuna mfugaji anayeweza kuuza chochote kwa ushuru kama huo. Aprili 2022, baada ya utetezi mrefu, uamuzi wa mwisho uliushusha hadi kati ya asilimia 58.74 na 61.27. Nafuu ilikuja, lakini kwa miezi kadhaa riziki za wafugaji zilikuwa zimening'inia kwenye uamuzi wa ofisi moja mjini Washington. Huo ndio udhaifu wa kutegemea nyuki mmoja, asali ya aina moja na mnunuzi mmoja.

Asali yenye jina kubwa

Jibu la udhaifu huo lilikuwa limeanza nyumbani. Kaskazini kabisa, kwenye uwanda wa mawe wa Đồng Văn ulioingizwa na UNESCO katika mtandao wa hifadhi za jiolojia mwaka 2010, mnanaa pori huchanua mwishoni mwa mwaka, katika baridi. Nyuki wa kienyeji hukusanya mbochi wake, na watu wa kabila la Wahmong huwafuga kwenye magogo yaliyotobolewa, kama wanavyofanya warina wa Tabora. Mavuno ni machache. Lakini mwaka 2013 asali ya mnanaa ya Mèo Vạc, uwandani humo, ilipata ulinzi wa kisheria wa jina la mahali inapotoka, na Wavietnam wenyewe huinunua kwa bei ambayo asali ya mpira haijawahi kuiota.

Hukumu

Nikiulizwa kinara wa vinara ni nani, sitawataja wanaojaza mapipa. Nitawataja wafugaji wa U Minh na Mèo Vạc, kwa sababu wamejenga kipato juu ya nyuki wa kwao, msitu wa kwao na jina la kwao. Nyuki wa Kiitaliano ana nafasi yake, na tani zake zimesomesha watoto wengi. Ila maendeleo ya ufugaji yanayopimwa kwa tani peke yake yanaweza kufutwa kwa tangazo moja la ushuru.

Kwa wizara, vyama vya ushirika na wafugaji wetu, somo liko wazi. Tusajili majina ya asali zetu kabla ya kukimbilia mapipa. Tutafute wanunuzi wengi, tukianza na majirani na masoko ya nyumbani. Na tuwalinde nyuki wetu wa asili, wakiwemo wasiouma, kwa sababu nyuki aliyekwisha kuizoea ardhi ni mtaji ambao hakuna mkopo unaoweza kuununua.