Kwa nini ordinatere inasoma 2.500 kama mbili na nusu

Kikundi cha akiba, iwe AVEC ao likelemba, kinaacha daftari na kuingia kwenye ordinatere. Mwandishi anaingiza 1500 ya mama wa kwanza, 1500 ya mama wa pili, na programu inajibu jumla: 15001500. Hakuna mtu aliyeiba. Kila kinachoandikwa kwenye klaviye kinaingia kama maandishi, na katika lugha ya Python alama ya + kati ya maandishi mawili inayaunganisha tu, haihesabu.

Ndani ya mashini, alama «2» inatunzwa kwa namba 50, «5» kwa 53, «0» kwa 48. Ili kupata 250, programu inapunguza 48 kwenye kila moja; inabaki 2, 5 na 0. Halafu inaanza kushoto: 2 mara 10, ongeza 5, ni 25, 25 mara 10, ongeza 0, ni 250. Katika Python, kazi ya kugeuza maandishi kuwa namba kamili inaitwa int(), na kwa namba zenye desimali ni float().

Shida kubwa ni namna watu wanavyoandika. Kongo inafuata mtindo wa Kifaransa: mkato mbele ya desimali, nafasi ao nukta kati ya maelfu. Python haijui hayo. Ukiipa int() «2 500», inakataa na kusimama. Hiyo ni afadhali! Hatari ni «2.500»: float() inaikubali bila kelele, na franka elfu mbili mia tano zinakuwa mbili na nusu. JavaScript nayo, parseInt ikipewa «2 500», inachukua 2 na kutupa zingine.

Dawa ni programu iondoe nafasi kwanza, hata ile isiyokatika inayotoka kwenye faili za Excel, ambayo macho hayaitofautishi. Igeuze mkato kuwa nukta. Lakini ikikuta nukta yenye tarakimu tatu nyuma yake, isikisie, imuulize mwandishi. Kwa dola na senti, Decimal inafaa kuliko float, ju float ikijumlisha 0.1 na 0.2 inatoa 0.30000000000000004.

Namba ya simu, hiyo ibaki maandishi. Inayoanza na 081 ikigeuzwa kuwa hesabu inapoteza sifuri ya mbele, na ujumbe wa kumuambia mama kwamba malipo yake yameandikwa hautamufikia.