Hutulii ukiketi? Jaribu kusimama juu ya maji

JE, msomaji, umewahi kuambiwa na daktari kwamba upunguze mawazo? Yamkini ulitoka chumbani mwake na karatasi ya dawa mkononi na swali moja kichwani: mawazo hupunguzwaje? Karo ya watoto ipo pale pale, mwenye nyumba anasubiri kodi, na simu hulia hata ukiwa bafuni.

Mimi niliambiwa hivyo baada ya kipimo cha presha kuonyesha 150 kwa 96, mara mbili mfululizo. Mbali na dawa, daktari alinishauri niketi kimya kila asubuhi kwa dakika 10, nifumbe macho na kufuata pumzi zangu zikiingia na kutoka.

Ushauri huo haukuwa wa kubahatisha. Mwaka 1975 Dkt Herbert Benson wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alichapisha kitabu kilichoeleza jinsi mtu anavyoweza kuupoza mwili wake kwa kurudia neno moja polepole na kuyaacha mawazo yapite bila kuyafuata. Mnamo 1979 msomi mwingine, Jon Kabat-Zinn, alianzisha mafunzo kwa wagonjwa katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, na tangu hapo mafunzo ya aina hiyo yameenea katika hospitali za nchi nyingi. Taamuli, kama wengine wanavyoiita, haikudai ubadili dini wala ufukize ubani.

Hata hivyo, mimi ilinishinda. Nikifumba macho, madeni yalijipanga foleni. Siku ambazo madeni hayakuja, nilisinzia. Baada ya majuma matatu nilikata shauri kwamba mambo haya yaliumbiwa watu wasio na shughuli.

Nilibadili nia nilipokwenda likizoni Watamu, katika Kaunti ya Kilifi, ambako kuna mkono wa bahari uitwao Mida, uliozungukwa na mikoko. Huko vijana hukodisha mbao za kupigia kafi. Ubao wenyewe una urefu wa mita 3 hivi na upana wa chini kidogo ya mita moja, na mwingine hujazwa hewa kwa pampu. Unasimama katikati yake na kujisukuma kwa kafi ndefu. Mchezo huu ulivuma mwanzoni mwa miaka ya 2000 kupitia kwa mabingwa wa kuteleza juu ya mawimbi wa Hawaii, wakiwemo Laird Hamilton na Dave Kalama, ingawa mvuvi wa pwani aliyezoea kusimama mtumbwini na kusukuma kwa upondo hatashangaa sana akiuona.

Kijana aliyenielekeza alinianzisha kwa magoti. Niliposimama, miguu ilitetemeka kama ya ndama aliyezaliwa leo.

"Dada, usitazame miguu," akaniambia. "Tazama ile mikoko kule mbali, legeza magoti, na usizuie pumzi."

Nilitii, na ubao ukatulia. Kisha nikakumbuka barua fulani niliyoiacha mezani ofisini bila kuijibu. Sikumaliza hata kuiwaza, nikawa majini.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu la nyumbani. Ukiketi kwenye mkeka, akili inaweza kuzurura hadi kazini na kurudi na hakuna atakayekuambia. Ubao hukusema papo hapo. Wazo likikuteka, goti hukakamaa, pumzi hukatika na ubao huanza kuyumba. Unarudisha macho mbali, unatoa pumzi, nao unatulia. Kurudi huko ndiko taamuli yenyewe, na kwenye maji utakufanya mara 100 kabla jua halijawa kali.

Mwili hujisimamisha kwa kuunganisha habari kutoka kwa macho, sikio la ndani, na misuli na viungo vya miguu. Juu ya ardhi kazi hiyo hufanyika bila wewe kujua. Juu ya maji, sakafu haikomi kusogea, kwa hivyo akili isiyotulia hupata kitu cha kushika. Pumzi nayo ina kazi yake. Unapotoa pumzi polepole, mshipa wa fahamu uitwao vagasi huuagiza moyo upunguze mwendo. Vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi 4, kisha uitoe ukihesabu hadi 6, kila hesabu sekunde moja. Utakuwa ukipumua mara 6 kwa dakika, ilhali mtu mzima aliyetulia kwa kawaida hupumua mara 12 hadi 20. Usivute hewa kwa nguvu. Ukihisi kizunguzungu, piga magoti na upumue kama kawaida.

Ukichoka kusimama, keti ubaoni, weka kafi mapajani na usikilize maji yakigonga chini ya ubao. Wapo wanaolala chali kabisa. Ila usifumbe macho, na hili nalisema kwa sababu lilinipata. Siku ya tatu nilijiona fundi, nikaenda peke yangu, nikaketi na kufumba macho kwa muda niliodhani ni dakika 5. Nilipoyafumbua, mikoko niliyoiacha ubavuni ilikuwa mbali nyuma yangu. Maji yalikuwa yakipwa, nami nilikuwa nikipelekwa kimya kimya kuelekea mlango wa bahari. Nilipiga kafi hadi mabega yakawaka moto, na sikusonga mpaka nilipojiegemeza ukingoni, ambako mkondo ni dhaifu. Utulivu ule nilioutafuta ndio ulionilevya.

Kwa hivyo, kabla ya kuuliza bei, uliza maji. Pwani yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kati ya kujaa na kupwa hupita saa 6 na dakika chache. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya Mombasa na Kilifi hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3 na mkondo huwa mkali. Anayeanza achague siku za maji mafu, kati ya bamvua moja na nyingine, na aingie maji yanapokaribia kujaa. Asubuhi na mapema ni bora kabla upepo haujachachamaa, lakini upepo utokao bara usiudharau, kwani hukusukuma baharini bila mawimbi ya kukuonya. Vaa jaketi la kuokoa maisha hata kama unajua kuogelea, funga kamba ya ubao mguuni, na usiende peke yako. Mwenye mbao akikuambia jaketi si lazima, tafuta mwingine.

Watu wa bara watauliza kuhusu maziwa. Naivasha ni pazuri kwa macho, ila viboko hawana habari na taamuli ya mtu, na wameua watu. Katika Ziwa Victoria kuna kichocho, kinachoingia mwilini kupitia ngozi, na mwanafunzi wa ubao hakosi kulowa. Mimi ningechagua bahari, au kidimbwi cha kuogelea ambacho wenyewe wanaruhusu ubao.

Mwenye kifafa, mwenye kizunguzungu cha mara kwa mara au mama mjamzito azungumze kwanza na daktari. Hali kadhalika wewe unayemeza dawa za presha, kwa kuwa baadhi yake hukufanya uone giza ukiinuka ghafla. Na dawa hizo usiziache eti kwa sababu umetulia. Mimi bado nameza zangu. Aidha, aliyezama katika huzuni kwa majuma, asiyelala wala kula, anahitaji kuonwa na mtaalamu kabla ya kufikiria likizo.

Ubao sina, na Watamu nafika mara moja kwa mwaka nauli ikipatikana. Siku nyingine zote, ninapopiga mswaki asubuhi, nasimama kwa mguu mmoja karibu na ukuta, macho kwenye msumari wa kalenda, natoa pumzi kwa hesabu ya 6. Nikianza kuwaza kazi, mguu wa pili hugusa sakafu. Naunyanyua tena.