Muvula haiozi? Mambo ambayo mkaaji wa Lac Vert anapaswa kujua kabla ya kununua mbao

Katika kartie Lac Vert, upande wa magharibi wa mji wa Goma, nyumba nyingi ni za mbao. Sababu kila mkaaji anaijua: chini ni mawe ya volkano. Kuchimba msingi ndani ya lava ni kazi ya nyundo na mtarimbo, matofali na simenti vinaomba pesa nyingi, na Nyiragongo haitoi ahadi kwa mtu. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji na kuacha watu karibu 120,000 bila makao. Tarehe 22 Mei 2021 ikateremka tena na kusimama upande wa Buhene. Nyumba ya mbao inasimamishwa kwa siku chache, na kama ni lazima, inabomolewa na kubebwa mpaka kwenye kiwanja kingine.

Lakini nyumba ya mbao iko na adui wawili, maji na wadudu. Ndiyo maana mtu akiuliza fundi ni mbao gani itadumu, jina moja linarudi kila mara: muvula. "Muvula haiozi," watu wanasema. Juu ya sifa hiyo, familia inakubali kulipa bei ya juu sana kuliko ya mkaratusi, mara nyingi kwa pesa iliyokusanywa kidogo kidogo.

Je, sifa hiyo ni ya kweli? Jibu fupi: ni ya kweli kwa sehemu moja ya mti, ile ya ndani. Anayenunua bila kujua tofauti anaweza kulipa bei ya muvula na kurudi nyumbani na mbao ambayo itaoza sawa vile zingine.

Mti mmoja, majina mengi

Wataalamu wanauita Milicia excelsa. Uko katika jamaa moja na mtini na mforosadi. Tanzania na Kenya wanasema mvule, Uganda muvule, Afrika ya Magharibi iroko, na jina hilo la iroko ndilo wafanyabiashara wa Ulaya walichukua. Hapa Kongo, wauzaji wengine wanatumia jina kambala. Kwa hiyo mtu akisikia kambala kwa muuzaji mmoja na muvula kwa mwingine, asifikiri ni mbao mbili tofauti.

Ni mti mkubwa wa msituni. Unaweza kufika mita 50 kwa urefu, na shina lake linaweza kupanda mita 20 bila tawi hata moja. Kipenyo cha shina, yaani upana wake toka upande mmoja mpaka mwingine, kinaweza kupita mita moja na nusu.

Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na muvula unapenda misitu ya chini yenye joto. Kwa hiyo mbao zake zinatoka mbali, katika misitu ya Walikale, ya upande wa Beni na ya Ituri. Hapo ndipo bei yake inaanza kueleweka. Mbao inalipa tronsonezi, inalipa mgongo wa mbebaji, inalipa gari na vizuizi vya njiani. Barabara ikiharibiwa na mvua ama ikifungwa juu ya vita, mnunuzi wa Goma ndiye anamaliza hesabu.

Nguvu iko ndani ya moyo wa mti

Ukikata shina la muvula na kutazama mahali lilipokatwa, utaona rangi mbili. Kando kando, karibu na ganda, kuko mzunguko mweupe wa sentimita 5 hadi 8. Ndani yake ni moyo wa mti, wenye rangi ya njano ukiwa mpya, na ambao ukikaa kwenye mwanga unageuka kahawia ya dhahabu, kisha kahawia nzito.

Sehemu nyeupe ndiyo iliyokuwa inapandisha maji na kuweka akiba ya chakula cha mti. Wadudu wanaipenda juu ya chakula hicho, na ukungu unaishika upesi kukiwa na unyevu. Moyo ni tofauti. Mti unapokua, sehemu ya ndani inaacha kazi ya kupitisha maji, na mti unaijaza madawa yake wenyewe. Moja la muvula linaitwa kloroforini. Madawa hayo ndiyo yanachukiza ukungu na kuzuia mchwa. Kwa hiyo sifa ya "haiozi" ni ya moyo. Sehemu nyeupe ya muvula haina nguvu hiyo, hata kama imetoka kwenye shina lile lile.

Hesabu ndogo inaonyesha uzito wa jambo hili. Chukua mfano wa shina lenye kipenyo cha mita moja, na mzunguko mweupe wa sentimita 6. Karibu robo tatu ya mbao yake ni moyo. Sasa chukua shina la kipenyo cha sentimita 40, lenye mzunguko mweupe wa sentimita 6 vilevile. Hapo moyo unabaki nusu tu. Mti ukikatwa ungali mdogo, nusu ya mbao zinazoitwa muvula hazistahili bei ya muvula.

Namna ya kuitambua sokoni

Jina peke yake halitoshi, na rangi ya juu inaweza kudanganya, maana mbao iliyopigwa jua na mvua inageuka kijivu, na iliyopakwa mafuta machafu ya motere inakuwa nyeusi hata kama ni ya mti mwingine. Mnunuzi anaweza kufanya mambo haya manne mbele ya muuzaji:

Kwanza, kuomba mbao ipigwe randa kidogo ama ikwanguliwe kwa kisu. Moyo wa muvula utaonyesha njano ama kahawia ya dhahabu, na kwenye uso wa mbao kutaonekana mistari myembamba ya rangi hafifu inayokwenda zigizagi.

Pili, kutazama mwisho wa mbao, pale msumeno ulipopita. Muvula iko na matundu makubwa yanayoonekana kwa macho, na kila tundu limezungukwa na alama hafifu inayofanana na mabawa.

Tatu, kutazama kando zote mbili. Kama kuko mstari mweupe, apime upana wake. Mbao ya sentimita 20 yenye weupe wa sentimita 8 ni mbao ya sentimita 12 tu kwa kazi ya kudumu. Bei ijadiliwe juu ya zile 12.

Nne, kuinua mbao. Muvula kavu ina karibu kilo 640 kwa meta kibe moja. Ubao wa mita 4, upana wa sentimita 20 na unene wa sentimita 2.5, ukiwa mkavu, unapaswa kuwa karibu kilo 13. Ukipita hapo sana, ubao ungali na maji ndani, ama ni mti mwingine.

Kwa nini mafundi wanaipenda, na nini wanaogopa

Uzuri wa pili wa muvula ni kwamba haichezi sana. Kila mbao inapokauka inapungua. Ubao wa muvula wa sentimita 20 ukitoka mbichi mpaka kukauka unapoteza milimita 3 hadi 4 hivi kwa upana. Mkaratusi unapungua zaidi na unapenda kujipinda na kupasuka kwenye ncha. Ndiyo maana mlango wa muvula uliotengenezwa na mbao kavu unafungika vizuri wakati wa mvua na wakati wa jua. Ulaya wanaitumia kwa mashua, kwa viti vya nje na kwa meza za maabara, mahali ambapo wangeweka mti wa msaji kama pesa ingeruhusu.

Lakini iko na ugumu wake. Nyuzi zake zinapishana, tabaka moja zinalala kulia, nyingine kushoto, kwa hiyo randa isiyokuwa na makali inang'oa badala ya kulainisha. Na mara nyingine ndani ya shina kunajificha jiwe. Si hadithi: mti huo unakusanya chokaa, na mahali ulipoumia chokaa hiyo inaweza kuwa ngumu kama jiwe la kweli. Msumeno ukiigonga, meno yanakwisha palepale. Fundi mwenye uzoefu akiona mbao imekuwa nyeusi zaidi mahali pamoja, anapunguza mwendo.

Pia si kila kazi inaomba muvula. Chikudu, kile chombo ambacho Goma imekijengea hata sanamu, kinatengenezwa kwa mumba na mkaratusi, kwa sababu kinapigwa na mawe siku nzima na kinahitaji mti unaovumilia kugongwa. Muvula inavumilia maji na mchwa. Kugongwa si kazi yake.

Vumbi lake si la kuchezea

Dawa ile ile inayofukuza wadudu inaweza kuumiza fundi. Vumbi la muvula linawasha ngozi na macho, linaleta chafya, na kwa watu wengine linaleta pumu. Mtu anaweza kufanya kazi nayo miaka bila shida, kisha mwili ukaanza kuikataa. Zaidi ya hapo, tangu mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa kansa limeweka vumbi la mbao, bila kuchagua mti, kati ya vitu vinavyoleta kansa kwa binadamu, hasa ya pua.

Katika karakana nyingi za mtaani fundi, wanafunzi wake na hata watoto wa jirani wanavuta hewa moja. Kinga si ya bei kubwa: kupasua na kupiga msasa nje penye upepo, kufunga barakoa, kuvaa mikono mirefu, kunyunyiza maji kabla ya kufagia, na kuoga kabla ya kubeba mtoto. Fundi anayeona pumzi inakata kila siku ya kazi na kurudi siku ya Mungu akiwa nyumbani, aende kwa kituo cha afya na aseme wazi anafanya kazi gani.

Kuiweka mahali inahitajika

Familia ya Lac Vert haina lazima ya kujenga nyumba nzima kwa muvula. Nyumba ya mbao haianzi kuoza juu. Inaanza chini, pale mbao inapogusa mawe na maji ya mvua yanaporuka. Kwa hiyo pesa ya muvula iwekwe kwenye boriti ya chini inayolala juu ya mawe, kwenye miguu ya nguzo, na kwenye fremu za milango na madirisha. Kuta na paa vinaweza kuwa vya mkaratusi mkavu, kwa sharti la mabati kutoka nje ya kuta vya kutosha ili maji yasizipige.

Na boriti hiyo iinuliwe. Hata moyo wa muvula ukilala ndani ya maji na udongo miaka yote, mwisho utachoka. Mawe ambayo yanasumbua wakati wa kuchimba yanasaidia hapa: yakipangwa vizuri, maji yanapita chini na hewa inaingia.

Mbao mbichi isipigiliwe siku ya kununuliwa. Ipangwe chini ya kivuli, vijiti vikitenganisha ubao na ubao, na uzito juu ili isijipinde, iachwe wiki nyingi mpaka ikauke. Mafuta machafu ya motere, ambayo wengine wanapaka ili kufukuza wadudu, yako na sumu na yanasaidia moto kushika. Ndani ya chumba wanamolala watoto si mahali pake.

Msitu hauna haraka

Muvula si mti wa kupanda leo na kuvuna mtoto akimaliza shule. Kuko miti dume na miti jike, na mbegu zinasambazwa na popo wanaokula matunda yake. Watu wamejaribu kuipanda kwa wingi, lakini mdudu mdogo anayeitwa Phytolyma anafanya majani machanga yavimbe na kuoza, na miche mingi inakufa. Kwa sababu hiyo, karibu muvula yote inayofika sokoni imetoka msitu wa asili, kwenye miti iliyoanza kukua kabla ya babu zetu.

Kanuni ya misitu ya tarehe 29 Agosti 2002 inasema misitu ni mali ya Serikali, na mpasuaji mdogo anapaswa kuwa Mkongomani mwenye kibali. Mnunuzi wa ubao mmoja hawezi kulinda sheria hiyo peke yake. Lakini iko kitu kimoja katika mikono yake. Akikataa kulipa bei ya moyo kwa mbao nyeupe, mti mdogo hautakuwa tena na faida kubwa kwa anayeukata, maana nusu yake haitauzika kama muvula. Na ubao wa moyo uliowekwa mahali pake, juu ya mawe, unakawiza siku ya kurudi sokoni kununua mwingine.